Dirii za Visby: ngozi ilishaoza, umbo lilijulikanaje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimeona picha ya fuvu la mtu likiwa bado ndani ya kofia ya pete za chuma, kutoka Visby, Uswidi. Nasikia dirii (mavazi ya kujikinga vitani) za huko zilikuwa za ngozi na chuma. Ngozi si ilishaoza? Mlijuaje umbo lake? Na kwa nini watu walizikwa na vitu vya thamani hivyo?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, kwani bila hilo la kwanza lisingekuwa na jibu. Dirii za zama za kati ni adimu sana ardhini. Chuma kilikuwa ghali. Aliyeshinda vita alimvua maiti, na dirii iliyochakaa ilirudi kwa mhunzi. Visby mambo yalikwenda vingine. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya ukuta wa mji. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto na maiti ni nyingi mno. Inaelekea ziliharibika kabla hazijavuliwa zote, zikafukiwa kwa halaiki na mavazi yake. Wachimbaji wa karne ya 20 walihesabu watu 1,185.

Sasa ngozi. Dirii hizi ni vibamba vya chuma vilivyopigwa ribiti (misumari mifupi ya kubana) upande wa ndani wa vazi la ngozi au kitambaa kizito. Vazi likioza, vibamba hubaki vimelala juu ya mbavu kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana nasisitiza: usinyanyue kitu kabla ya kuchora na kupiga picha. Vibamba vikishatiwa kwenye ndoo, dirii imepotea kwa mara ya pili, na safari hii hairudi.

Ribiti ndiyo shahidi mkuu. Nafasi kati ya kichwa chake na kibamba ni unene wa ngozi iliyokuwapo. Kutu nayo hugandisha vibamba pamoja, hivyo huonyesha kipi kilimlalia mwenzake. Kwa ushahidi wa namna hii mwanaakiolojia Bengt Thordeman alizipanga upya dirii 25, akazigawa katika aina 6.

Kofia za pete ni ngumu zaidi, maana hugeuka donge. Hapo eksirei hutangulia, brashi baadaye.

Mifupa pia husema dirii iliishia wapi. Majeraha mengi ya Visby yako kwenye miundi ya miguu.