Taarifa za wanangu zimevuja shuleni, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni familia ya Wakongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi na sasa tuko Greensboro, North Carolina. Shule ya wanangu ilituma barua ndefu ya Kiingereza, mwanangu mkubwa akatusomea, anasema kuna mtu kaingia kwenye kompyuta za kampuni inayotunza taarifa za wanafunzi akachukua majina, tarehe za kuzaliwa na namba za soshol (Social Security, zile namba za utambulisho za serikali ya Marekani). Ndani kuna karatasi ya kujiunga na ulinzi wa bure miaka miwili. Mume wangu anasema tuachane nayo, watoto hawana hela benki, mwizi ataiba nini? Mimi silali. Na kuna kaka mmoja hapa mtaani anataka dola 60 kila mtoto atushughulikie. Tufanyeje? – Mama Furaha

JIBU: Marahaba mama Furaha. Tuanze na huyo kaka wa dola 60, msimpe hata senti, na kubwa kuliko hela msimpe zile kadi za soshol azipige picha. Kazi anayotaka kuwafanyia, kufunga rekodi ya mikopo ya mtoto kama nitakavyoeleza chini, ni bure kwa sheria ya Marekani nzima tangu Septemba 2018, alafu mtakuwa mmemkabidhi mtu baki kitu kilekile mnachohangaika kukilinda.

Hujataja kampuni ila kwa North Carolina nahisi ni lile sakata la PowerSchool, maana shule za serikali za jimbo lote zilikuwa kwenye mfumo wao. Mwishoni mwa Desemba 2024 mtu aliingia kwa paswadi iliyoibwa, yaani hakuvunja chochote, alipita kama mfanyakazi kwenye sehemu ya kuhudumia wateja, akachota. Waendesha mashtaka wa serikali wanasema ni taarifa za wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu milioni 10. Kampuni ikawalipa waliokuwa wanaitisha, ikaonyeshwa video eti mafaili yanafutwa, na Mei 2025 shule kadhaa, za jimbo lenu zikiwemo, zikaanza kutumiwa vitisho vipya kwa data zilezile. Aliyekamatwa ni kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo kule Massachusetts, alikiri na Oktoba 2025 akapewa miaka 4 jela. Sawa kafungwa, lakini namba za watoto ziko huko zilipo na hakuna wa kuzirudisha.

Sasa mwambie baba Furaha hivi. Mwizi hana shida na hela ya mtoto, anataka jina lake. Namba ya soshol ya mtoto wa miaka 7 ni safi, haina deni hata moja, na hakuna mtu anayeichungulia mpaka mwenyewe afike miaka 18 aende kuomba mkopo wa gari au kupanga apatimenti, ndo anaambiwa wewe una madeni ya kadi hujalipa tangu uko darasa la pili. Hiyo ni miaka 11 mtu anaitumia kwa raha zake. Ya mtu mzima ikichezewa anashtuka mapema maana bili zinakuja kwake, ya mtoto hazimfikii.

Ule ulinzi wa miaka miwili kama muda wa kujiunga haujapita jiungeni, ni haki yenu. Ila mjue unachofanya ni kuwaambia kitu kikishatokea, ni mlinzi anayekupigia simu mwizi akiwa yuko sebuleni tayari, na baada ya miaka miwili anaondoka na mtoto bado ana miaka 9. Kufuli lenyewe linaitwa friizi. Ni kuiambia kampuni ya krediti, yaani inayotunza rekodi za mikopo ya watu, isimpe mtu yeyote faili la huyu mtoto, hivyo benki ikiombwa mkopo kwa jina lake haioni kitu inakataa. Kampuni ziko tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na lazima muombe kwa kila moja peke yake, hawaambiani. Mtoto chini ya miaka 16 anaombewa na mzazi, wa miaka 16 na 17 anaruhusiwa kuomba mwenyewe.

Kwa watoto inaenda kwa posta. Fomu au maelekezo yapo kwenye tovuti ya kila kampuni, mwambie huyo mkubwa aitafute sehemu ya friizi ya watoto. Ndani ya bahasha mnaweka fomu au barua ya maombi, fotokopi ya kadi ya soshol ya mtoto, fotokopi ya cheti chake cha kuzaliwa, fotokopi ya kitambulisho chako wewe mzazi, na kitu chenye anwani yenu kama bili ya umeme. Fotokopi nimesema, orijino zibaki kabatini! Kila mtoto na bahasha yake, kwa hiyo watoto watatu ni bahasha tisa, inachosha najua, wekeni Jumamosi moja mmalize. Posta ombeni ile ya kusainiwa ikifika mbaki na risiti. Wakipata maombi yaliyokamilika wana siku 3 za kazi kufunga. Karatasi watakayowarudishia itunzeni pamoja na zile za uhamiaji, siku mtoto akitaka kufungua ataihitaji, na kufungua pia hakulipiwi.

Familia zetu zinakwama kwenye majina. Mtoto ana jina lake la ukoo, mama lake, baba lake, na kampuni ikiangalia karatasi haioni kama nyie ni wazazi. Alafu kuna lile la tarehe 1 Januari ambalo wengi mliandikiwa kambini, mnakuwa watu kibao wenye majina yanayofanana na siku moja ya kuzaliwa, hapo hata bila mwizi mafaili yanaweza kuchanganywa. Kwa hiyo andikeni jina kama lilivyo kwenye kadi ya soshol, herufi kwa herufi, na sio kama mnavyomuita nyumbani. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa msikate tamaa mkaacha, pigeni kampuni yenyewe muulize wanakubali karatasi gani ya kuonyesha nyie ni walezi, na mtu wa ile ofisi iliyowapokea mlipofika anaweza kukaa na nyie kwenye hiyo simu. Kwenye simu hiyohiyo ulizeni kama tayari kuna faili kwa namba ya mtoto. Jibu zuri ni kwamba hakuna. Wakisema lipo na hamjawahi kufungua chochote, ingieni IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuripoti wizi wa utambulisho, mfanye ripoti siku hiyohiyo.

Na nyie wazazi jifungieni pia, ya watu wazima ni ya mtandaoni au simu na wanatakiwa kuifunga ndani ya siku moja ya kazi. Msimu wa kodi, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wana pini ya siri wanatoa hata kwa watoto mnaowaandika kama wategemezi, inazuia mtu mwingine kumuandika mwanao kwenye fomu yake, ulizeni anayewajazia fomu za kodi.

La shule: mna haki kuomba kuona wanachokitunza kuhusu mtoto, sheria inaitwa FERPA, ya mwaka 1974, na wana siku 45 kuwaonyesha. Mwaka mpya mkiletewa fomu ina kisanduku cha soshol, mnaweza kukiacha wazi. Mtoto hakataliwi shule ya serikali kwa sababu hajaandika hiyo namba.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu yuko bweni, kidato cha kwanza. Jumanne nikapigiwa na jamaa anajiita mwalimu wa afya, anajua jina la mtoto, kidato na mkondo, anasema kaanguka wamemkimbiza hospitali ya wilaya na daktari anataka laki na themanini za kipimo. Nyuma nasikia watu wanaongea kama hospitali kabisa. Nilishafungua simu kutuma, mke wangu akasema ngoja nimpigie matroni. Mtoto alikuwa darasani. Hawa watu wanatoa wapi taarifa? – Baba Irene, Dodoma

JIBU: Pole baba Irene, na mpe hongera mama. Fungua grupu la WhatsApp la wazazi urudi nyuma mpaka Januari, nakuhakikishia utakuta kuna mtu katupia orodha ya kidato cha kwanza nzima, majina, mikondo na simu za wazazi, ili "wazazi wahakiki". Hakuna cha udukuzi hapo, mtu mmoja tu kwenye grupu la watu mia tatu anatosha, au simu ya mzazi mmoja ikiibwa.

Namba ya matroni na ya mkuu wa shule iandikwe kwenye daftari nyumbani, itoke kwenye joining instruction na sio kwenye simu iliyokupigia. Mtu akipiga, kata, piga wewe. Akikuambia usikate mtoto yuko kwenye hali mbaya, hapo ndo ukate kwa haraka zaidi. Na hospitali haiwezi kuwa na jina la Juma fulani kwenye namba ya kupokelea hela, lile jina linalotokea kabla hujaweka pini lisome.

Namba yake itume 15040 iripotiwe, ukitoka hapo bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwao waifute. Anayesoma hapa na keshatuma hela, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi kabla hajatoa, alafu kachukue RB (namba ya taarifa) polisi. Shule iandikieni barua, wazazi mkiwa wengi, waache kurusha orodha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo hapohapo Tanzania inapokea malalamiko, na mkuu wa shule ukimtajia Tume anasikiliza tofauti kidogo na ukimlalamikia kwenye kikao.

SWALI: Mtoto wangu yuko PP2, chekechea. Shule imeweka picha yake na majina yote kwa peji yao ya Facebook bila kuniuliza, nikaambiwa ni matangazo tu. Naweza fanya nini? – Mzazi, Kasarani

JIBU: Unaweza sana. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilihili la picha. Piga skrinishoti yenye tarehe kwanza, kabla hawajaifuta, ndo uwaandikie waitoe. Wakikuzungusha, malalamiko unayaweka kwa tovuti ya Kamishna, na wana siku 90 kuyamaliza.