Tembea Mipakani na Mzee Angali Hai

Baba alifariki dunia usiku wa kuamkia Jumapili, wakati wa mavuno ya mahindi, akiwa na umri ambao sisi wanawe hatukuweza kukubaliana hata siku ya kuandika msalaba wake, kwa kuwa cheti chake cha ubatizo kilisema 1938 na kadi ya mpiga kura ikasema 1941. Tuliandika 1938 kwa sababu shangazi alisema hivyo na hakukuwa na nguvu ya kubishana. Hatukujua kwamba ubishi huo mdogo ulikuwa mwanzo tu wa mambo ambayo Baba alikuwa ameyabeba kichwani mwake na kuondoka nayo.

Nyumbani kwetu ni kijijini, katika nyanda za Njombe, na Baba alikuwa mzee wa aina ambayo wengi wenu mnaifahamu. Ndama auzwe au asiuzwe, mjukuu gani achangiwe ada, shamba lipi lipumzishwe msimu huu, yote yalisubiri neno lake, na sisi tulio mjini tulipiga simu kuomba ruhusa ya mambo ambayo fedha yake tulikuwa nayo mfukoni. Hakuwa mkali. Alikuwa tu na hakika, na hakika hiyo ilitulevya kiasi kwamba hakuna aliyejiuliza ingekuwaje siku simu ile isipopokelewa.

Alituachia mashamba matatu. La kwanza alilirithi kwa babu, la pili aligawiwa na kijiji katika miaka ya Operesheni Vijiji, baada ya kuhamishwa kutoka kwenye mahame yetu ya zamani, na la tatu, lile la bondeni, alilinunua mwaka 1988 kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, ambayo bado inasema tuko Mkoa wa Iringa, kwa sababu Njombe haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Karatasi hiyo inataja mpaka wa kaskazini kuwa ni "mti mkubwa". Mti huo ulikatwa zamani. Aliyejua kisiki chake kilipo alikuwa Baba.

Na mimi nilionyeshwa. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka michache kabla hajafa, nilipokuwa likizo, aliniita asubuhi tukateremka hadi bondeni, akawa ananyoosha fimbo yake na kueleza: hapa mpaka unapinda, pale nilimwachia jirani njia ya ng'ombe, jiwe lile usiliondoe. Nilikuwa nikiitikia huku nikijibu ujumbe wa kazini kwenye simu. Simu hiyo hiyo ingeweza kumrekodi kwa dakika ishirini na kumaliza mambo yaliyokuja kutugharimu karibu mwaka mzima.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huo: tembea mipakani na mzee wako akiwa bado ana miguu ya kutembea, mchukue jirani mnayepakana naye mwende pamoja, piga picha za alama, na jioni yake uandike mlichokiona. Usianze kwa kumuuliza atagawaje mali. Mimi nilianza hivyo, nikamwomba aandike wosia, akaniangalia kama mtu aliyepelekwa dukani kupimiwa jeneza lake. Alisema huko ni kujichuria. Ningekuwa na busara kidogo ningemuuliza alilipataje lile shamba la juu, maana hakuna mzee anayekataa kusimulia jinsi alivyofyeka pori, na ndani ya simulizi hiyo mipaka, mashahidi, madeni na ahadi zote hutoka zenyewe bila kifo kutajwa. Wosia huweza kuja baadaye, na ukija uandikwe mbele ya mashahidi, wakiwemo wasio wa ukoo, kisha utunzwe mahali salama; RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia. Kwa ardhi ya kijiji, hata hivyo, naona hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina faida kubwa zaidi, kwa sababu majirani huitwa kuthibitisha mipaka mwenye shamba akiwa amesimama pale pale, na mke anaweza kuandikwa pamoja na mumewe.

Kifo chenyewe sitakisimulia sana. Aliugua wiki mbili, akalala.

Siku ya kuanua matanga tulifanya kikao cha ukoo, na hapo tulikosea kwa kukiharakisha, kwa sababu nusu yetu tulikuwa tayari na mabegi tukisubiri basi la mchana. Kaka mkubwa alipendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, tukatia sahihi. Kisha likafunguliwa sanduku la bati la Baba, ambamo mlikuwa na daftari la hesabu lenye miraba, limejaa mistari ya namna hii: "S. bondeni nusu". "K. jembe la ng'ombe, bado". "M. mtamba". Hakukuwa na tarehe wala majina kamili. Alikuwa amejiandikia mwenyewe.

Mwezi wa pili baada ya msiba akaja jirani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akadai kwamba nusu ya mipaina iliyoko bondeni ni yake, kwa kuwa miche ilikuwa yake na ardhi ya Baba, na walikubaliana kugawana siku ya kuvuna. Baba wadogo waliwaka. Walimwita mwongo anayenyemelea mali ya marehemu, nasi vijana tukafuata upepo, shauri likafika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na likazunguka pale miezi tisa. Jioni moja, tukiwa jikoni tukilijadili kwa mara ya mia, Mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Lakini miti ile walipanda wote. Mimi ndiye niliyewapelekea uji."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Kwenye kikao alikuwa ndani, amekaa mkekani na wafiwa wenzake wa kike, na sisi tuliona ni heshima kumwacha apumzike. Usiku huo nilileta daftari, na kwa mwanga wa taa ya sola akazifungua herufi zile moja baada ya nyingine, isipokuwa mbili tu. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujawaita wazee wa ukoo, kaa na mama yako. Na dada zako waite kikaoni. Kwetu wapo waliosema mabinti hawana neno kwenye ardhi, lakini kifungu cha 20 cha Sheria ile ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Kuhusu mahakama, jambo moja huwachanganya wengi, hata kaka yangu alichanganyikiwa: ukoo hupendekeza, lakini anayeteua msimamizi ni mahakama, na msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kaka alirudi na barua ya uteuzi kutoka Mahakama ya Mwanzo akizungumza kama mwenye mali, hadi alipoelezwa kwamba ndani ya miezi minne alitakiwa kurudisha Fomu Na. V, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu, na kisha Fomu Na. VI, inayoonyesha kila mmoja amepata nini. Deni la mipaina tuliliandika kwenye orodha hiyo. Jirani alipata nusu yake, ingawa mpaka leo huwa anasalimia kwa mbali.

Mwaka uliofuata, sote tukiwa mjini, Mama alinipigia simu kuniambia kwamba kuna mtu amekuja kutoka kijiji cha ng'ambo akivuta ndama jike kwa kamba. Baba alikuwa amempa mtamba kwa makubaliano kwamba uzao wa kwanza wa kike urudi nyumbani. Nilitaka kujua kama ana karatasi yoyote. Mama akacheka, akasema hiyo ndiyo "M." yangu, ile niliyomsomea kwenye daftari akashindwa kuikumbuka, kisha akakata simu akamfunge ndama zizini kabla mvua haijanyesha.