Jibu: Je, asili ya mtu hubadilisha hatari ya damu kuganda baada ya kupandikizwa ini?

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama asili ya kaka yako inamweka kwenye hatari zaidi. Tofauti zipo: huko Marekani, watu weusi hupata mgando kwenye vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) mara nyingi kuliko weupe, na wenye asili ya Asia mara chache zaidi.

Ila kwenye ini kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Protini nyingi za kugandisha damu, na zile za kuizuia isigande, hutengenezwa na ini lenyewe. Sasa kaka yako amebeba pia urithi wa aliyemtolea ini. Chukua hitilafu ya kijeni iitwayo Fakta V Leiden: wanayo takriban watu 5 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Waafrika ni nadra. Ini likitoka kwa mwenye nayo, hatari huja nalo.

Kwa hiyo waulize madaktari kama kaka yako aliwahi kuwa na mgando kwenye mshipa wa ini kabla ya upasuaji. Hilo lina uzito kuliko rangi yake. Na INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) ikiwa juu msitulie, haimkingi. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikimkata ghafla, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.