Seli, chembe hai, kiini: nimsahihishe mwanafunzi yupi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari huko Arua, Uganda: "Watoto wangu wa S1 (kidato cha kwanza) wanasoma bailojia kwa Kiingereza, alafu kwenye insha ya Kiswahili wanataka kueleza yale yale. Mmoja kaandika 'maseli ya wanyama yana ukuta mwembamba', mwingine 'chembe hai za mimea', wa tatu anabisha eti kiini ni cha yai tu. Nisahihishe nini?"

Mwalimu asante, swali tamu hili. Nianze na nyepesi. Seli iko ngeli ya I-/ZI-, seli hii imegawanyika, seli hizi zimekufa, kwa hiyo hiyo ma- ifute tu. Chembe hai nayo si kosa, iko vitabuni na watu wanaielewa, ila chembe peke yake ni kitu kidogo chochote, chembe ya mchanga, chembe ya mtama, ndo maana lazima ivute neno lingine nyuma yake. Hospitalini watu wameshazoea chembe nyekundu na chembe nyeupe za damu, waachwe hivyo hivyo. Darasani mi nachukua seli, ni fupi alafu inazaa maneno vizuri, cheki selimundu: ule ugonjwa Waganda wanaita nnalubiri, ukisikia jina tu unaona seli nyekundu ya damu imejikunja kama mundu.

Sasa huyu wa "ukuta mwembamba" ndo anahitaji kalamu nyekundu, na si kwa sababu ya ile ma-, hapa lugha imeharibu sayansi. Seli ya mnyama haina ukuta kabisa, iwe ya ng'ombe, ya kuku, ya wewe mwenyewe. Ina utando. Seli ya mmea ina vyote viwili, utando uko ndani, ukuta wa selulosi uko nje. Utando ni neno tunalo siku zote, ule unaoganda juu ya maziwa ya moto ni utando, mwembamba, unapinda, na ule wa seli una kazi ya kuchagua nini kiingie na nini kitoke. Wengine wanasema kiwambo, sawa pia, mradi usichanganye yote mawili kwenye insha moja msomaji akadhani ni vitu tofauti. Ukuta kazi yake ni kushikilia umbo, na hauchagui sana, maji yanapita tu.

Ukitaka waone kwa macho, wakate kachumbari, nyanya na kitunguu, watie chumvi waiache kidogo. Maji yatajaa chini ya bakuli, mengi yametoka ndani ya seli, kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli, yamepita kwenye utando kufuata chumvi, kitunguu kinalegea lakini hakiyeyuki kikawa uji kwa sababu kuta bado zimesimama. Hata mwanasayansi Robert Hooke kule Uingereza, 1665, alipoangalia kipande cha koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, kwa hadubini akaona vijumba vidogo akavipa jina la chumba, yaani "cell", alichokuwa anaona ni kuta tupu, wenyewe walishakufa zamani.

Kwa hiyo iandikwe: "Seli za wanyama zimezungukwa na utando mwembamba, hazina ukuta." Basi.

Huyu wa kiini ana hoja nusu. Kiini ni kitu cha katikati, kile chenye uzito, ndo tuna kiini cha yai na kiini cha habari, na kwenye seli kiini ndo kinabeba DNA. Ila ajue ile njano ya yai siyo kiini cha seli, sehemu kubwa ni chakula, yaani kwenye yai la kuku ambalo halijarutubishwa hiyo njano nzima ni seli moja kubwa, na kiini chake cha kisayansi kimo kwenye kale kadoa keupe juu yake, vunja yai taratibu kwenye sahani utakaona. Na asiandike "kila seli ina kiini", seli nyekundu za damu ya binadamu zikishakomaa hazina.

Kingine, hukuuliza ila najua kinakuja: kloroplasti na umbijani. Umbijani, ama klorofili, ni ile rangi ya kijani, kloroplasti ni kile kijumba kinachobeba hiyo rangi na ndimo usanisinuru unafanyika, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Alafu wasiseme kila seli ya mmea inazo, hicho kitunguu cha kachumbari, seli zake nyeupe hazina kloroplasti. Ila seli hizo zina mitokondria, kama za mnyama tu, na hapo naomba watoto wasitafsiri ule msemo wa Kiingereza wa kiwanda cha umeme, waseme tu mitokondria hutoa nishati kwenye chakula ili seli iitumie.