Kabla ya drili, nunua mita: ushauri kwa fundi umeme anayeanza kazi Dodoma

Vijana wanaomaliza mafunzo ya ufundi umeme na kuja kutafuta kazi kwenye nyumba mpya za Nzuguni, Iyumbu, Nala na Mtumba huniuliza mara kwa mara waanze kununua nini wakishika fedha yao ya kwanza. Wengi wao tayari wameshaamua kununua drili na grainda, kwa kuwa ndizo zinazomfanya mteja aone kwamba fundi amekuja kazini. Mimi huwashauri waanze na vyombo vya kupimia na vifaa vya kinga, wafuatishe zana za mkono, na mashine ziwe za mwisho. Drili unaweza kuiazima kwa mwenzako asubuhi ukairudisha jioni, lakini mita unaihitaji kila unapofungua swichi, hata kama ni kwa dakika tano tu.

Testa, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, ndiyo kifaa ambacho kila fundi anacho mfukoni, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Ndani ya mpini wake kuna taa ndogo ya neoni na kizuizi chenye ukinzani mkubwa, na unapoweka kidole kwenye kichwa chake, mkondo mdogo sana hupita kwenye taa, kisha mwilini mwako, hadi ardhini. Maana yake ni kwamba mwili wako ni sehemu ya kipimo. Ukisimama juu ya ngazi kavu ya mbao ukiwa umevaa buti nene za mpira, taa inaweza kufifia mno ingawa waya una volti 230 kamili. Na kwa jua la hapa kwetu la saa saba mchana, ukiwa unafunga taa ya nje ukutani, mwanga wake huuoni kabisa. Kwa hiyo testa iliyowaka imekupa habari ya kufaa, lakini testa ambayo haikuwaka haijathibitisha lolote. Itumie kutambua waya wa moto, yaani unaoleta umeme, au kubaini kwamba nyutro, waya wa kuurudisha, imekatika pale inapowaka kwenye matundu yote mawili ya soketi yenye kifaa kilichowashwa kwenye saketi hiyo. Usiitumie kuamua kama ni salama kushika waya kwa mkono.

Uamuzi huo ni wa mita. Unapochagua maltimita, yaani mita inayopima volti, ampia na ukinzani, angalia maandishi yaliyo karibu na matundu ya kuchomekea nyaya zake, utafute alama ya CAT, yaani daraja la usalama wa mita. Kwa kazi za nyaya za jengo na kisanduku cha breka, usichukue iliyo chini ya CAT III ya volti 600. Sehemu umeme unapoingilia kutoka nguzoni inahitaji CAT IV. Alama hizi hazihusu volti za kawaida peke yake. Radi za msimu wa mvua na kuwashwa kwa mitambo mikubwa hupitisha kwenye nyaya misukumo mifupi ya maelfu ya volti, na mita isiyojengwa kuihimili inaweza kupasukia mkononi. Kwa bahati mbaya alama hiyo huchapwa hata kwenye mita zisizostahili, kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu kufungua mfuniko wa nyuma. Ukikuta fyuzi ni kijibomba kidogo cha kioo, iache mita hiyo dukani. Mita ya kazi yetu huwa na fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga, ambao huzima cheche fyuzi inapokatika.

Kuna desturi moja ya kujifunza mapema kuhusu maltimita. Ukishapima ampia, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita chini. Tundu la ampia halina ukinzani wa maana, hivyo atakayeichukua baadaye akaichomeka kwenye soketi kutafuta volti atakuwa amepiga shoti kwa mikono yake mwenyewe. Mimi ampia nazipima kwa mita ya kukumbatia waya, ambayo haihitaji kufungua saketi, na tundu hilo la ampia silitumii kabisa kwenye umeme wa nyumba.

Fundi mgeni huchanganyikiwa pia na volti za uongo. Waya uliokatwa pande zote mbili, lakini umelala ndani ya bomba pamoja na waya wenye umeme, unaweza kuonyesha volti 40 au hata 90 kwenye mita ya kidijitali, kwa sababu mita hiyo ina ukinzani mkubwa sana na hunasa hata chaji ndogo inayorukia waya wa jirani. Ukikutana na namba ya aina hiyo, unganisha taa ya kupimia kati ya waya huo na nyutro, usome tena. Kama ni volti ya kurukia itaanguka karibu na sifuri, na kama inabaki juu, basi kuna umeme wa kweli na unapaswa kuutafuta unatoka wapi.

Utaratibu wa kupima kabla ya kugusa una hatua tatu, na sikubali kijana wangu aruke hata moja. Kwanza unaipima mita kwenye chanzo unachojua kina umeme, halafu unapima pale unapotaka kufanya kazi, kisha unarudi kwenye kile chanzo cha kwanza kuhakikisha kwamba mita haikufa katikati. Pima moto kwa nyutro, moto kwa ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) na nyutro kwa ethi. Kumbuka kwamba hata ukizima swichi kuu, nyaya zinazoingia upande wake wa juu kutoka kwenye mita ya LUKU bado zina umeme, na sehemu iliyofungwa lakiri ni ya TANESCO, haikuhusu. Siku hizi kuna pia sola na inveta, hasa kwenye nyumba za Chamwino, Bahi na Kongwa zilizofungwa sola kabla nguzo hazijafika. Uliza kwanza, kwa sababu inveta hurudisha umeme kwenye nyaya sekunde chache baada ya wewe kuzima swichi kuu.

Sasa nije kwenye vyombo viwili ambavyo mafundi wengi wa majumbani hawana, ambavyo mimi naona ndivyo vinavyomtofautisha fundi na mvuta nyaya: mega ya kupimia insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme usitoke kwenye waya, na mita ya kupimia ethi. Hali ya hewa ya Dodoma inavifanya viwe vya lazima. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ardhi ni kavu. Ukavu huo huipendelea insulesheni, kwa maana waya uliochubuka ndani ya ukuta mkavu hupima vizuri. Lakini huiumiza ethi, kwa kuwa udongo usio na unyevu hupitisha umeme kwa shida. Mvua zikianza mambo hugeuka: ethi hupima vizuri na waya uliochubuka huanza kuvuja. Nyumba iliyopimwa mara moja tu, au isiyopimwa kabisa, inaweza kuonekana nzima huku ina kasoro iliyofichwa na msimu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, mama mmoja wa Nkuhungu aliniita kwa sababu bomba la bafuni lilikuwa linamtetemesha mkono kila akioga maji ya moto. Nyumba ilikuwa na ethi, waya wake wa kijani na njano ulionekana ukishuka hadi kwenye rodi nje ya ukuta, na breka ya hita ilikuwa ya ampia 32.

"Fundi, kama ethi ipo, mbona breka haikuanguka?" aliniuliza.

"Ngoja nipime kwanza, mama, halafu nitakuonyesha," nikamjibu.

Mita ya ethi ilisoma ukinzani wa zaidi ya omu 100. Nilimpigia hesabu mbele yake: volti 230 ukizigawa kwa omu 100 unapata ampia 2.3, na breka ya ampia 32 haiwezi kuuhisi mkondo huo hata ukipita mwaka mzima. Kipashio cha hita kilikuwa kimepasuka, umeme ulikuwa unavujia kwenye maji na bomba, na rodi iliyochimbiwa kwenye udongo mkavu ilikuwa haiwezi kuuondoa. Tulibadilisha kipashio, tukaongeza rodi ya pili mbali na ya kwanza, na tukafunga swichi ya RCD ya miliampia 30, ambayo hukata umeme unaovuja ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde hata ethi ikiwa dhaifu kiasi hicho. Tangu hapo sikabidhi nyumba Dodoma bila RCD, na kitufe chake cha majaribio namwonyesha mwenye nyumba, nikimweleza kwamba kinapima swichi yenyewe tu, wala hakisemi lolote kuhusu ethi.

Unapopima ethi, tenga waya wa rodi na nyumba, umeme ukiwa umezimwa. Mita ya ethi huunganishwa na rodi na vijiti viwili vya chuma vilivyo kwenye mstari mmoja nayo. Chimbia kijiti cha mwisho umbali wa kutosha kutoka kwenye rodi, mita 25 au 30 ikiwa kiwanja kinaruhusu, na cha katikati kiwe kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Kisha kisogeze cha katikati mbele na nyuma kidogo uone kama namba inabaki palepale. Vijiti hivyo vya kupimia unaruhusiwa kuvimwagia maji. Rodi yenyewe usiimwagie hata kikombe kimoja, kwa sababu utakuwa umepima mvua ambayo haijanyesha.

Mega nayo, kwa nyaya za nyumba, hupima kwa volti 500, na usomaji wowote ulio chini ya megaomu 1 haukubaliki. Kabla ya kubonyeza, toa taa za LED, chaja, televisheni na kila kifaa cha elektroniki, la sivyo utaviua. Nyumba mpya isome mamia ya megaomu. Ikisoma 3 au 4 wakati wa kiangazi, sheria imetimia lakini mimi siridhiki, naanza kutafuta waya uliochubuliwa na msumari au ncha ya bomba.

Kwa upande wa kinga, weka fedha kwenye glavu. Glavu za mpira za daraja 00 ni za hadi volti 500, na daraja 0 ni za hadi volti 1,000. Juu yake huvaliwa za ngozi ili zisitoboke. Glavu za jikoni au za ngozi peke yake si kinga ya umeme. Kila asubuhi ikunje kuanzia mdomoni ili hewa ibanwe ndani, uiminye, uisogeze karibu na shavu uhisi kama kuna hewa inayotoka. Usiziache kwenye boksi la pikipiki juani, kwani joto na jua huupasua mpira. Vaa miwani ya kinga unapofungua kisanduku cha breka, na uvue pete na saa.

Zana za mkono hazinipi maneno mengi. Bisibisi na plaisi ziwe na alama ya pembetatu mbili na volti 1,000. Mpini uliozungushiwa tepu hauhesabiki. Nunua kifaa cha kuchunia waya badala ya kisu, kwa kuwa kisu huacha kovu kwenye shaba na waya hukatikia hapohapo. Ngazi iwe ya mbao kavu au ya faiba.

Najua mega na mita ya ethi ni ghali kwa kijana mmoja. Hapa mjini mafundi wanne au watano wanaofahamiana wanaweza kuchanga na kununua kwa pamoja, kila mmoja akaichukua siku ya kukabidhi nyumba. Andikeni kwenye daftari nani ameichukua, airudishe na betri nzima na nyaya zake zote, na matokeo ya kila nyumba yabandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha breka: omu za ethi, megaomu za kila saketi, na mwezi mliopima, ili fundi atakayekuja baadaye ajue kama namba hizo ni za kiangazi au za masika.