Maswali na majibu: shimo la kokoto, maji yaliyotuama na njia ya eropleni

Tangu nilipoandika hapa juu ya mashimo ya mawe yanayojaa maji kila masika, barua zimekuja nyingi, na kubwa lao ni ndege wa mbawa: maji hayo huwaita, nao hugongana na eropleni. Nimechagua chache na kuzifupisha.

*

*Shikamoo Mhandisi. Naomba leseni ya kuchimba kokoto upande wa Kiomoni. Ofisa mmoja kaniambia watu wa uwanja wa ndege wataulizwa maoni kwa sababu ya yangeyange na kunguru. Jiwe na kunguru wapi na wapi?* Mchimbaji, Kiomoni

Marahaba. Jiwe halina kesi. Baruti, mtambo wa kusaga na malori huwafukuza ndege kuliko kuwaita. Kesi iko kwenye maji, na kwenye siku utakayofungasha vifaa vyako na kuondoka.

Ukichimba kupita usawa wa maji ya ardhini, shimo litajaa, utake usitake. Hata usipofika huko, mvua ipo. Mawe yetu ya chokaa yana nyufa na mapango, watu wa Amboni hawahitaji kuelezwa hilo, kwa hiyo yako mashimo yanayonyonya mvua yote kwa siku chache. Lakini ile vumbi laini ya mtambo ikitua chini huziba nyufa, na mwaka unaofuata una bwawa. Pembeni kina kifupi, nyasi zinaota, vyura wanaingia, na visamaki navyo havikosi njia ya kufika. Yangeyange wa kwanza akitua, wenzake wanamwona kutoka juu. Tanga tunajulikana kwa "waja leo waondoka leo". Hawa wakija hawaondoki.

Hata hivyo bwawa lenyewe ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni njia. Yangeyange, kwarara na kunguru hula mahali pamoja na kulala pengine, kwa makundi, mitini au mikokoni. Alfajiri wanatoka, magharibi wanarudi. Shimo laweza kuwa mbali na uwanja na lisimsumbue rubani hata mmoja. Shimo jingine la umbali uleule, ila liko ng'ambo ya uwanja ukitokea mikokoni, litafanya kundi zima likate njia ya eropleni mara mbili kwa siku, tena kwenye mwanga hafifu. Kwa hiyo kabla hujanunua hata sururu, chukua ramani. Chora mstari kutoka shimoni hadi mikokoni, hadi dampo, hadi mashamba ya chumvi. Tazama unakatiza wapi.

Kisha mtafute mtu anayewajua ndege, awahesabu asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Asiache miezi ya Oktoba hadi Aprili, maana ndipo wageni kutoka Ulaya na Asia wanapojaa pwani yetu. Hesabu hiyo iingie kwenye tathmini ya athari kwa mazingira unayoipeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ukiambiwa ni gharama ya bure, jua anayekuambia hivyo hatakuwepo barua ya pingamizi ikifika.

*

*Mwalimu wetu anasema ndege mdogo anaweza kuangusha eropleni. Mimi sisadiki.* Mwanafunzi, Mabawa

Sadiki. Tarehe 15 Septemba 1988 Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilikuwa ikipaa kutoka Bahir Dar, ikaingia kwenye kundi la njiwa. Njiwa tu, hawa hawa wa mapaani. Injini zote mbili zilipoteza nguvu, na watu 35 kati ya 104 wakafa. Ile ya New York ya tarehe 15 Januari 2009, iliyotua mtoni Hudson baada ya kugongana na bata bukini, watu wote 155 walitoka hai; ndiyo maana inasimuliwa kila mahali na ya Bahir Dar imesahauliwa.

Siri ni mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kishindo huwa mara nne. Ndege wa kilo moja akikutana na eropleni inayokwenda kilomita 360 kwa saa, kishindo chake ni kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka mita 10. Eropleni ikienda 720, ule mfuko umeanguka kutoka mita 40. Sasa piga hesabu ya kundi.

*

*Mjomba, mimi mtu wa Muheza ila niko Ngerengere kwa biashara ya mchanga na kifusi. Hapa jirani ni uwanja wa ndege wa jeshi. Je, kanuni ni hizo hizo?* Mpwa wako, Ngerengere

Hatari ni ileile, ila imekolea zaidi. Eropleni ya abiria hupita haraka kwenye anga la chini, ambako ndege wengi huruka, kisha inawaacha. Ya kivita hufanya mazoezi humohumo chini, kwa kasi kubwa, na nyingine zina injini moja. Ikizimika hakuna ya pili. Na zile kubwa za jeshi nazo hazikusalimika: tarehe 22 Septemba 1995 eropleni ya rada ya Jeshi la Anga la Marekani ilivuta bata bukini kwenye injini ikipaa kutoka Elmendorf, Alaska, wakafa wote 24. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Julai 1996, C-130, eropleni ya mizigo ya jeshi la Ubelgiji, ilikutana na kundi la ndege ikitua Eindhoven, Uholanzi. Wakafa 34.

Waingereza walilifanya jambo hili kuwa utaratibu wa mipango miji. Kila uwanja unaolindwa, wa kiraia au wa kijeshi, una ramani yenye duara la kilomita 13. Mtu akiomba ndani ya duara hilo kuchimba machimbo, kufungua dampo, kutengeneza bwawa au hifadhi ya ndege wa majini, halmashauri haimpi kibali kabla ya kuuliza. Kwa viwanja vya kijeshi inaulizwa Wizara ya Ulinzi. Wizara huuliza hasa machimbo yataachwaje baada ya kuchimbwa: maji au nchi kavu? Nikilipima duara kama hilo kwa uwanja wetu wa Tanga, Amboni na Kiomoni zimo, na upande wa pili linaingia baharini.

Kwako wewe, mpwa, usijipimie mwenyewe. Usirushe droni kutafuta ramani ya eneo, utajibu maswali usiyoyapenda. Peleka maombi kupitia halmashauri na Tume ya Madini, uombe kwa maandishi kwamba jeshi lishirikishwe mapema. Jibu la "hapana" ukilipata kabla ya kukodi mtambo ni jibu rahisi.

*

*Asalaam aleikum. Sisi kina mama wa kikundi tumepewa shimo la zamani la mawe, lina maji mwaka mzima. Tunataka kufuga sato. Tumeambiwa tutaleta ndege hatari. Tufanyeje?* Katibu wa kikundi, Duga

Waaleikum salaam, dada. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, na sitaki kukukatisha tamaa. Samaki wanawezekana, ila bwawa la samaki lililo wazi, karibu na uwanja wa ndege, ni karamu: mnandi, ndege mla samaki, atakula faida yenu kabla eropleni haijadhurika. Kwa hiyo wavu mtauhitaji hata kama uwanja usingekuwepo.

Anzeni na umbo la shimo. Ndege wa majini wanapenda ukingo unaoteremka taratibu, mahali pa kusimama na kuchokoa tope. Ukingo uliochongwa wima, na kina cha mita nne au zaidi, hauwafai wanaotembea. Lakini pia ni hatari kwa watoto, hivyo ua ni lazima, na msiufanyie ubahili. Visiwa vidogo katikati viondolewe. Ndiko wanakolala na kutaga, mbali na mbwa. Matete na mafunjo yakatwe. Juu tandazeni wavu uliokazwa, maana uliolegea hunasa na kuua. Chakula cha samaki kisimwagwe pembeni, na matumbo ya samaki yafukiwe siku ileile. Hili la mwisho watu hulidharau, nami naliona kubwa kuliko yote: kunguru na mwewe wanafuata matumbo.

Na ikiwa shimo liko kwenye mstari wa kutua kabisa, nitawaambia ukweli: fugeni kwenye matangi mahali pengine, shimo lifukiwe kwa kifusi safi. Kifusi, nasema. Yupo atakayekuja na wazo la kulijaza takataka za mji "halafu tutafunika". Hapo mtakuwa mmebadilisha yangeyange ishirini kwa kunguru na kongoti wasiohesabika.

*

*Si watu wa uwanja wapige baruti tu, ndege wakimbie?* Dereva, Ngamiani

Hupigwa, na sauti zilizorekodiwa za kuwatisha huchezwa. Baada ya muda ndege wanajua hakuna anayekufa, wanarudi. Inasaidia ukichanganya mbinu, na ukishaondoa chakula na maji. Peke yake ni kelele.

*

*Mwenye machimbo akiondoka, nani anabaki na bwawa?* Mjumbe wa serikali ya mtaa, Pongwe

Nyinyi, kama hamkuandika. Mjumbe, hapa ndipo pa kukazana. Mpango wa kufunga machimbo upatikane kabla ya mlipuko wa kwanza, si baada ya wa mwisho, na useme waziwazi sakafu ya shimo itaishia wapi ukilinganisha na maji ya ardhini. Kama ni lazima maji yabaki, pawe na mtu mwenye jina na bajeti wa kukata matete na kukagua nyavu kila msimu. Uingereza mmiliki hufungwa kwa mkataba wa kusimamia ndege hata miaka mingi baada ya kuchimba, na mkataba huo unafuata ardhi ikiuzwa. Hapa kwetu ombeni dhamana ya fedha iwekwe mapema, shimo lifukiwe kwa awamu kadiri linavyochimbwa, na awamu mpya isifunguliwe ya zamani haijakaguliwa. Na nakala ya mpango huo ibaki ofisini kwenu, kwenye faili la mtaa, si kwenye gari la meneja.