Bolti ya manifodi iliyoganda
Kaka, hiyo bolti ya manifodi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi wa injini) iliyokugomea ukifungua injini, usiilazimishe kwa kuongeza bomba kwenye spana. Itakatikia ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini), na hapo ndipo kazi huanza! Sisi hapa Ujiji tunaimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tunaiacha mpaka asubuhi. Kisha igonge kichwani kwa nyundo. Mtikisiko ndio unaoachanisha kutu. Tumia spana ya boksi ya pembe 6, ya 12 hula kona za bolti. Kaza kidogo kwanza, legeza, rudisha, legeza tena. Ikigoma, futa mafuta yote, upashe moto chuma kinachoizunguka, si bolti yenyewe. Hedi ya alumini ionee huruma, alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na ile ya hedi, iliyochanganywa na metali nyingine, huyeyuka hata chini ya hapo.